Aliyekula Chumvi Nyingi

Kiswahili kina adabu yake katika kumtaja mzee. Hakisemi kwamba umri umemwelemea; husema amekula chumvi nyingi. Msemo huo una harufu ya zama ambazo chumvi haikuwa kitu cha kuchotwa bila ya hesabu. Kule Uvinza, Kigoma, watu walichemsha maji ya chemchemi za chumvi kwa karne nyingi, na walichokipata kikachukuliwa mbali kwenda kubadilishwa kwa bidhaa nyingine. Katika maisha ya namna hiyo, kuila nyingi kulihitaji miaka mingi. Leo mtu aweza kuimaliza chumvi ya uzee wake kabla hajafika arubaini, na akaondoka bila ya kuuona uzee wenyewe.

Wala lugha haimsaidii anayetaka kuipunguza. Chakula kisicho na chumvi huitwa chapwa, na shairi lisilo na mvuto hupewa jina hilo hilo. Kinyume chake ni kukolea: mchuzi hukolea, wimbo hukolea, mapenzi hukolea. Basi mtu anapoambiwa na daktari ashike miko ya chakula, sikio lake la Kiswahili husikia kwamba ameamriwa aishi chapwa.

Ndivyo alivyosikia mwanamke mmoja wa Kiunguja aliyehamia Ndalambo, katika wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Mumewe ni Mnyamwanga aliyefanya kazi katika reli ya TAZARA. Walikutana Dar es Salaam wakiwa vijana, wakalea huko, na alipostaafu wakarejea kwao bwana. Kutoka bahari anayoijua bibi huyu hadi nyanda zile za juu, karibu na mpaka wa Zambia, ni mwendo wa zaidi ya kilomita 900. Hakuna mnazi. Ndimu hununuliwa Tunduma, na si kila mara. Badala yake aliyakuta mahindi, maharage, ulezi, karanga, alizeti, na majani ya maboga yaliyopikwa kwa karanga zilizotwangwa, chakula ambacho mwanzoni alikila kwa heshima ya wakwe na sasa anakipika kuliko wenyewe.

Jambo moja tu hakuliacha Unguja. Nalo ni imani kwamba sahani haikamiliki bila ya kitu kikali pembeni: kachumbari, au chatne, au achari, au japo nusu ya ndimu ya kukamulia. Wageni wa kwanza nyumbani kwake walishangaa kuona kitunguu kibichi mezani. Baadaye wakawa wanakiulizia.

Kisha vikaja vipimo. Yeye alikutwa na presha ya juu, mumewe akakutwa na sukari. Waliambiwa mambo ambayo kila mtu wa rika lao ameshaambiwa: ugali upungue, mafuta yapungue, nusu ya sahani iwe mboga, na mboga nyingine ziliwe mbichi. Wakatii kwa bidii ya wastaafu, ambao wana muda wa kutii. Kabichi ilikatwa nyembamba kama uzi. Nyanya, matango na karoti vikawa chakula cha kila siku. Baada ya miezi kadhaa wakarudi kliniki na kukuta presha iko pale pale, na bwana ameongezeka uzito.

Kosa halikuwa katika majani. Lilikuwa katika kile kilichomiminwa juu yake.

Mtoto wao anafanya biashara Tunduma, mji ambao malori ya kwenda na kutoka kusini hupita usiku na mchana, na ambao tangu mwaka 2019 una kituo cha pamoja cha mpakani na Nakonde, upande wa Zambia. Madukani mle chupa hazikosekani. Kijana, kwa mapenzi yake, alipokwisha sikia kwamba wazee wanakula saladi, hakwenda kuwaona mikono mitupu: mara mayonezi, mara sosi ya nyanya, mara sosi ya soya, mara chupa ya mchuzi wa saladi uliochorwa jani la kijani ubavuni. Jani lile liliwapumbaza. Mtu huona picha ya jani akadhani amenunua jani.

Siku moja bibi akavaa miwani na kuzisoma chupa zile moja moja, kama mtu anayesoma barua ya madai. Kanuni ya kwanza ya kuzisoma ni nyepesi, na yafaa kila mwenye miko aijue: viambato hupangwa kwa wingi wake, kilichotangulia ndicho kilichozidi. Katika mayonezi ya kawaida kilichotangulia ni mafuta, nayo huwa yapata sehemu saba au nane katika kumi. Kijiko kimoja cha chakula kina nguvu ya kalori karibu 100, na hakuna mtu aliyewahi kutia mayonezi kijiko kimoja. Sosi ya nyanya, ile ambayo wala chipsi huiita “tomato” tu, inakaribia robo ya uzito wake kuwa sukari. Kijiko cha chakula huingiza mwilini takriban kijiko cha chai cha sukari. Mzee yule alikuwa ameacha sukari katika chai, akawa anaila kwenye kabichi.

Sosi ya soya ndiyo iliyomshitua bibi zaidi, kwa kuwa ni nyepesi kama maji na haina mafuta. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asivuke gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, kwa jumla ya vyote alavyo. Kijiko kimoja cha chakula cha sosi ya soya ya kawaida hubeba zaidi ya gramu 2. Chupa nyingi hazisemi chumvi, husema sodiamu, na hapo msomaji huhadaika, kwani namba huonekana ndogo. Sodiamu ikizidishwa kwa mbili na nusu ndipo chumvi yenyewe hujitokeza. Ama chupa zilizoandikwa kwamba hazina mafuta, aghalabu hufidia upungufu huo kwa sukari, wanga na chumvi, maana muuzaji naye anajua kwamba chapwa hakinunuliwi.

Chupa zikaondoka mezani. Bwana, aliyezoea nidhamu ya reli, akaamua kwamba dawa ni kula majani matupu, pasi na tone la mafuta wala chochote. Alidumu siku chache akitafuna kwa huzuni. Mkewe akamwambia, “Mzee wangu, hata ng’ombe hulambishwa chumvi.” Na ukweli ni kwamba mzee alikuwa anajipunja. Rangi ya manjano na nyekundu iliyomo katika karoti, nyanya na majani mabichi, ambayo sehemu yake mwili huigeuza kuwa vitamini A, haiingii mwilini vyema isipokutana na mafuta tumboni. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa State, Marekani, walichapisha matokeo ya watu waliolishwa saladi ile ile kwa michuzi tofauti: waliokula kwa mchuzi usio na mafuta kabisa hawakufyonza kitu cha maana. Basi mafuta yana kazi. Suala ni yapi, na kiasi gani.

Hapa mwanamke wa pwani alipaswa kuusema ukweli ambao haumfurahishi. Alikuwa amelililia tui kwa miaka. Lakini sehemu kubwa ya mafuta ya nazi ni ya aina ile inayoganda, ambayo huipandisha lehemu katika damu, na mafuta ya alizeti yanayokamuliwa katika mikoa ile ni mepesi zaidi kwa moyo. Si kwamba nazi ni sumu; waliolelewa nayo wasitishwe. Ila kwa aliye na presha, kuikosa nazi Ndalambo si msiba mkubwa kama alivyoufanya. Hata hivyo, alizeti nayo haipunguzi unene: kijiko cha chakula cha mafuta yoyote, yawe ya nazi, ya alizeti au ya zeituni yaliyosafiri kutoka ng’ambo kwa bei ya kutisha, kina kalori karibu 120. Bibi akawa anapima kwa kijiko kidogo cha chai, kimoja kwa kila mlaji, na kuyapiga kwa uma pamoja na ndimu hadi yawe meupe ndipo ayamimine. Yakishapigwa hivyo huenea kwenye bakuli zima.

Kilichomfaa zaidi ni karanga, nazo alizikuta pale pale. Karanga zilizokaangwa kavu bila ya chumvi, zikatwangwa mpaka zianze kutoa mafuta, kisha zikalegezwa kwa maji ya vuguvugu, ndimu na pilipili, hufanya mchuzi mzito wa kumwagia kabichi na matango ambao haudaiwi chochote na mayonezi. Karibu nusu ya uzito wa karanga ni mafuta, kwa hiyo kiganja kimoja chatosha kwa watu wanne. Na zichaguliwe: zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizoota ukungu zitupwe, zisifichwe kwa kukaangwa, kwa kuwa sumu ya ukungu huo haiondoki kwa moto wa jikoni. Nchi ilikwishaonja ubaya wake mwaka 2016, sumu hiyo hiyo ilipoua watu Dodoma na Manyara kwa njia ya mahindi.

Ilibaki chumvi, na chumvi ina maficho. Bibi alifundishwa na mama yake kuosha kitunguu cha kachumbari kwa chumvi: kikatwe chembamba, kisuguliwe kwa chumvi ya ukarimu, kikamuliwe, kisuuzwe. Ukali hutoka, lakini chumvi haitoki yote. Sasa hukiloweka katika maji baridi yenye siki kidogo wakati anakata vitu vingine. Kinalegea na kubaki kitamu. Maficho ya pili ni vile vidonge na unga wa mchuzi wa pakiti, ambavyo karibu nusu yake, na pengine zaidi, ni chumvi tupu. La tatu hakulitarajia. Maharage na mboga kavu hulainishwa kwa magadi, na magadi nayo ni sodiamu, ingawa ulimi hauyatambui kuwa chumvi. Wapishi wa huko hawakupenda kusikia hilo, na yeye mwenyewe hakupenda kulisema, mgeni kumfundisha mwenyeji kupika maharage. Akaanza kwa kuyaloweka yake usiku kucha, bila ya kusema neno.

Lakini chumvi hakuifukuza. Nyanda za juu za kusini zilijua rovu kabla ya nchi kuanza kulazimisha chumvi itiwe madini joto katikati ya miaka ya 1990. Wala asijidanganye mtu wa kisiwani kwamba bahari inamlinda: uchunguzi uliochapishwa mwaka 2006 ulionesha kwamba upungufu wa madini joto ulikuwa bado upo Unguja na Pemba, kwa watu wanaokula samaki kila siku. Chumvi kidogo, yenye madini joto, ikitiwa mwishoni juu ya chakula badala ya kuzamishwa chunguni, hukutana na ulimi moja kwa moja na kuonekana nyingi. Huo ndio ujanja wake wote.

Ujanja mwingine ni ule wa kwao, na ndio uliomrejesha mezani. Ukali wa ndimu, siki, ukwaju au embe bichi huuzindua ulimi hata chumvi kidogo ikaonekana imetosha. Watu wa pwani wamelijua hilo kwa mikono yao. Siki yenyewe ilikwishapata sifa ya kitoweo katika mapokezi ya Mtume tangu zamani. Wiki za mwanzo zilikuwa ngumu, kila kitu kikiwa kama kimepikwa hospitali. Kisha ulimi ukazoea, kama kawaida ya ulimi, na siku walipoalikwa arusi, pilau ikawachoma kwa chumvi.

Mzee akataka kuvuka mpaka. Aliposikia kwamba siki hupunguza kidogo mpando wa sukari baada ya chakula, jambo ambalo lina ukweli wake, akaanza kuinywa kwa kikombe asubuhi na kuvisahau vidonge. Hapo bibi hakuwa na mzaha. Alivitia vidonge katika kikombe kile kile cha siki, kikavu, akamwekea mbele yake. “Bi mkubwa, unanitisha,” akasema. “Nakutisha,” akajibu. Ndimu na siki ni vitoweo. Atakayevifanya tabibu atajikosesha vyote viwili. Na mwenye vidonda vya tumbo au kiungulia atafute njia nyingine, mathalani majani ya kotimiri au tangawizi, kwani ukali huo hautamwonea huruma.

Hadi hapa ni habari ya jiko, na jiko hutii. Lililokuwa gumu lilikuwa Unguja.

Dada yake mkubwa alibaki huko, na kila baada ya miezi michache humpelekea kifurushi: kwa boti hadi Dar es Salaam, kwa basi hadi Tunduma, kisha kwa gari lolote linalopanda Ndalambo. Ndani yake hamkosi achari, ya embe, ya mbirimbi, na ya ndimu zilizopasuliwa msalaba, zikashindiliwa chumvi na kuanikwa juani siku nyingi mpaka zikawa nyeusi na laini. Ni mkono wa mama yao. Mama yao alianguka kwa kiharusi, na kabla ya kuanguka hakuwahi kula wali bila ya achari hiyo.

Bibi aliacha kuila. Hakumwambia dada. Chupa zilipofika alizigawa kwa majirani, mpaka achari ya Unguja ikapata wapenzi wake Ndalambo, na kila simu ilipolia swali lilikuwa moja: “Imekolea, mdogo wangu?” Naye hujibu, “Imekolea, dada.” Kuna uongo ambao watu wa pwani huuhesabu kuwa tabia njema, na kwa kawaida haumdhuru mtu. Angewezaje kukataa achari ya dada bila ya kumkataa dada?

Ukapita mwaka na zaidi hivyo, mpaka mpwa wake alipomtajia kwa kupitiwa kwamba mama naye ana presha, tena ya muda mrefu, tena ya juu kuliko yake. Ameambiwa aache achari. Hakuacha, na hoja yake ilikuwa tayari: mdogo wangu ana maradhi haya haya, anaila huko aliko, na hana neno.

Bibi alipiga simu jioni ile ile. Alisema yote, chupa ngapi na kwa jirani gani. Upande wa pili kukawa kimya, kisha salamu za kuagana kwa adabu iliyonyooka mno, na wiki tatu hapakuwa na simu.

Kilichofuata kilikuwa kifurushi. Dada alikuwa amejaribu kutengeneza achari ya embe kwa chumvi kidogo, na hakujua, au alisahau, kwamba chumvi katika achari si ladha tu: ndiyo inayoyavuta maji na kuwanyima vijidudu pa kuishi. Chupa ilichacha njiani katika joto la basi, ikatoa kifuniko, na harufu yake ikawatangulia abiria kufika Tunduma. Kijana aliyekwenda kuipokea alipewa maneno na kondakta. Bibi alicheka hadi akakaa chini, kisha akapiga simu kueleza, na dada akacheka pia, ingawa kwa kuchelewa.

Mara ya pili kifurushi kilikuwa chepesi. Mlikuwa na bonge la ukwaju, na mfuko wa vipande vya embe bichi vilivyokatwa vyembamba na kukaushwa juani bila ya chumvi, vikavu hata vilikuwa vinalia. Kitu kikavu hakihitaji mlinzi. Bibi alivitwanga katika kinu cha mkewe mjomba, akapata unga wa rangi ya mchanga, mkali wa kufumbisha macho, na usiku ule akaunyunyiza juu ya majani ya maboga ya karanga. Mzee alikula kimya. Halafu akauliza kama huo unga wapatikana kwa kilo.

Dada alipopiga hakuuliza kama imekolea. Aliuliza kipimo kilisema nini. Bibi akasoma namba zake kutoka kwenye kadi, akataka kusomewa za Unguja. Zilikuwa bado juu. Wakaanza kuzungumza kuhusu kitunguu na maji ya siki.